Bi Kwanini na Viatu Vyake vya Kahawia

Ijumaa hii, saa ya chai ya asubuhi, Bi Kwanini atakabidhi funguo za chumba cha ufundi baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika kituo chetu cha vijana wenye usonji. Kwa mujibu wa barua ya ofisi, utumishi wake unakoma siku ya mwisho ya mwezi huu. Kwa mujibu wa yeye mwenyewe, ulipaswa kukoma wiki ileile aliyofika, maana alikuja kushona mapazia tu.

Jina lake halisi limeandikwa kwenye cheti atakachopewa, na litasomwa kwa heshima zake zote. Lakini ukienda getini ukalitaja, mlinzi wetu atajikuna kichwa. Ulizia Bi Kwanini, na hata muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara atakuonyesha mlango. Jina hilo alipewa na walimu wenzake kwa kuchoka. Mimi ninayeandika haya nafundisha muziki chumba cha pili, na ukuta ulio kati yetu ni mwembamba kama biskuti. Nimelisikia swali lake hilo kuliko nilivyowahi kusikia wimbo wowote. Siku moja kikaoni nilipendekeza awe anauliza mara chache kwa siku, tupumue. Akauliza kwa nini.

Mwaka huu, hata hivyo, swali kubwa kuliko yote halikutoka kwake. Lilitoka kwa mama mmoja anayefua mashuka ya hospitali, kwenye mkutano wa wazazi, mara tu mkuu wa kituo alipotangaza habari za kustaafu. Mama huyo aliinuka bila kupewa nafasi. "Na mwanangu je? Huyu mama akiondoka, mwanangu si atarudi kujifungia? Mmelifikiria hilo?" Mwanawe ni kijana tunayemwita Fundi Zulia, kwa sababu ya mazulia ya vitambaa anayosuka, mazito na yenye mistari iliyonyooka kuliko ukuta wa ofisi yetu. Miaka michache iliyopita kituo kilifungwa ili paa litengenezwe. Fundi Zulia akaingia chumbani kwake nyumbani na hakutoka msimu mzima wa mvua, chakula akisukumiwa mlangoni. Aliyemtoa ni Bi Kwanini. Kila alasiri alikwenda akaketi nje ya mlango ule akichana vitambaa vipande vipande, bila kusema neno, mpaka ile sauti ya kitambaa kinachochanika ikamvuta kijana nje kuja kusaidia.

Basi swali la mama halikubaki mkutanoni, kila mmoja wetu alirudi nalo nyumbani. Bi Kwanini akiondoka, Fundi Zulia ataendelea kuja, au ule mlango utafungwa tena? Nitafika huko. Lakini kwanza mapazia.

Siku aliyofika alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, fundi cherehani kijana mwenye haraka zake. Ndani ya chumba alichotakiwa kupima madirisha, chini ya meza, alikuwapo mvulana anayechambua nyuzi kutoka kwenye vipande vya nguo kuukuu. Wakati huo walimu walisema mvulana yule anaharibu vitambaa, na walikuwa wakivificha juu ya kabati. Fundi akatazama kidogo, akaona kwamba nyuzi nyekundu zinatupwa, za njano zinatupwa, ila za bluu zinawekwa mapajani. Akatema pini. Akauliza, "Kwa nini bluu tu?"

Hakuna aliyejua. Na wanaokumbuka siku ile wanasema kilichowaingia moyoni si kutojua, bali kwamba hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza. Fundi akajikunja akaingia chini ya meza, futi yake ikining'inia, akachukua kitambaa akaanza kuchambua nyuzi na yeye. Mkuu wa kituo wa wakati huo alipokuja kuona mapazia yamefikia wapi, akakuta miguu ya watu wawili. Siku chache baadaye mvulana alinyoosha mkono akachomoa uzi wa bluu kwenye kitambaa cha fundi, uzi ambao fundi alikuwa ameupita, akamkabidhi. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kumpa mtu kitu chochote mkononi. Mapazia yalimaliziwa na fundi mwingine. Huyu wetu alipewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, na humo ndimo alimozeekea.

Mvulana wa nyuzi sasa ni baba mzima mwenye ndevu, anafanya kazi kwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, na hapitishi wiki bila kutusalimia. Kwa nini bluu, bado hatujui. Bi Kwanini bado anauliza.

Kutoka chini ya meza ile ulizaliwa utaratibu ambao watu wengi wameusoma kwenye mabango yetu kwa maneno makubwa, lakini yeye mwenyewe huuita kuiga kwanza. Kijana mpya anapofika, Bi Kwanini hamfundishi kitu. Anafanya anachofanya kijana. Akizungusha kifuniko cha sufuria, naye anatafuta cha kwake. Akizunguka tangi la maji, anamfuata nyuma, na ole wake mgeni atakayemsimamisha kumsalimia. Wazazi wengine walishtuka. Wamemleta mtoto aje ajifunze, wanamkuta mwalimu ndiye anayejifunza! Baba mmoja, dereva wa malori, hakuweza kujizuia. "Mwalimu, mimi nimemleta aache kuzungusha hicho kifuniko. Sasa mmekuwa wawili!" Bi Kwanini hakubishana naye. Alimpa kifuniko cha tatu.

Yule baba alikizungusha kwa hasira, kisha bila hasira. Mwanga wa dirishani ukagonga ukingo wa kifuniko ukaruka darini, ukawa unakimbia pale juu kama samaki. Mwanawe alikuwa akiutazama samaki huyo muda wote, na sisi wote tulikuwa tunatazama kifuniko. Dereva alikaa sakafuni mpaka saa ya chai. Alipoinuka alisema, "Kumbe," akajifuta suruali, akaenda zake. Kijana wake baadaye alitengeneza zile taa za vioo vya rangi zinazoning'inia ukumbini, ambazo kila mgeni huziulizia bei na kila mgeni huambiwa haziuzwi.

Niseme jambo hapa kabla sijaonekana napiga chuku. Wageni wetu wanapenda kusikia kwamba kila kijana hapa ana kipaji cha ajabu kilichojificha. Wengine wanacho. Wengine hawana, kama mimi nisivyokuwa nacho cha kupika. Kuna binti ambaye amekuwa akikata karatasi kwa miaka, na vipande vyake si sanaa wala nini, ni karatasi iliyokatwa. Bi Kwanini anaketi naye na kukata vilevile kama anavyoketi na fundi bingwa. Mgeni mmoja alimuuliza binti huyo anatengeneza nini, na Bi Kwanini akajibu kwa niaba yake kwamba anatengeneza asubuhi njema. Mgeni akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Binti yule huko nyuma hakuweza kukaa chumba kimoja na watu watatu, na leo anakata karatasi zake katikati ya watu kumi na tano na anaimba.

Katika mafanikio yake yapo pia mambo yaliyoharibika, na angenigombeza nikiyaruka. Maonyesho yetu ya kwanza kwa majirani yalikuwa balaa tupu. Tulikodi spika. Tulimwalika mgeni rasmi. Alipofika, umati ukalipuka kwa makofi na vigelegele, na vijana wetu wakaziba masikio, mmoja akaruka ukuta, na binti mmoja akaingia chini ya kitambaa cha meza kuu na kuukumbatia mguu wa mgeni rasmi. Mzee wa watu alisoma hotuba yake yote bila kuusogeza ule mguu, na kwa hilo tunamheshimu mpaka kesho. Bi Kwanini alikuwa chini ya meza vilevile. Alitoka na vumbi kichwani na swali mdomoni. Kwa nini tunawapigia makofi watu wasiopenda makofi?

Tangu hapo maonyesho yetu hayana spika. Wageni huingia wachache wachache, na badala ya makofi huinua mikono juu na kutikisa vidole. Tena hawaji kutazama tu. Kila mgeni anaketishwa, na kijana anamfundisha kazi. Muuza nyama wa mtaa wetu, ambaye sauti yake inafika kituo cha basi bila kupanda basi, alikabidhiwa kwa binti asiyezungumza kabisa, amfundishe kukunja karatasi iwe boksi. Baada ya muda tulimsikia akinong'ona. Mke wake alisimama mlangoni akashika kifua. "Jamani, hii kitu si mngefanya kila wiki?" Tukafanya. Ndivyo ilivyoanza Alhamisi ya majirani. Muuza nyama huja na boksi zake, fundi viatu huja na mabaki ya ngozi, mwanafunzi wa uuguzi huja kupumzisha akili. Wanaketi upande wa pili wa meza ndefu, upande wa wageni, na wanafanya kazi pamoja na vijana hadi mchana. Mtaa ambao zamani ulivuka barabara kutukwepa, leo ukimuona kijana wetu amesimama njia panda haelewi aende wapi, mtu anamjua, anamsogelea polepole, na anamleta.

Sasa nirudi kwa Fundi Zulia, na ili nieleweke lazima niwaeleze juu ya kamba.

Kando ya mlango wa chumba cha ufundi kuna kamba mbili zenye vibanio vya nguo. Kwenye kamba ya juu zinaning'inizwa kadi za watu wa hapa, yaani wale watakaokuwapo leo. Kamba ya chini ni ya wageni wa wiki, na kila siku ina kibanio cha rangi yake. Alhamisi ni kijani. Kwa vijana wetu wengi, kujua nani atakuwapo ni nusu ya amani ya siku. Kadi zote zimechorwa na Fundi Zulia, na hakuna hata moja yenye sura. Ni viatu. Yeye hapendi kumtazama mtu usoni, basi ametufahamu kuanzia chini. Kadi yangu ni ndara zenye mkanda uliokatika. Mkanda nilishautengeneza miaka mingi iliyopita, lakini kadi haijasamehe. Kadi ya mkuu wa kituo ni viatu vyeusi vya kung'aa, kamba ya kushoto imefunguka, na tangu aione hajaingia mle bila kuinama kujikagua.

Mtu akiondoka moja kwa moja, Fundi Zulia huchukua kadi yake akaitia kwenye kopo la maziwa lililo rafuni na kulifunga. Alifanya hivyo kwa mwalimu aliyehamia mji mwingine. Alifanya hivyo kwa mpishi wetu alipofariki, siku ya pili yake, bila mtu kumwambia.

Ni Bi Kwanini, nani tena, aliyegundua jambo ambalo sisi wengine tulilitazama kila siku bila kuliona. Kwenye kadi zetu za kamba ya juu, ncha za viatu zinatazama ndani ya chumba. Kwenye kadi za wageni, zote, ncha zinatazama mlango. Aligundua akiwa anapanguza vumbi, akapiga ukuta kuniita, nikadhani nyumba inaungua. Tulifungua kopo pamoja. Viatu vya mwalimu aliyehama vilikuwa vinatazama ndani. Vya mpishi vinatazama ndani mpaka leo. Tulimuuliza Fundi Zulia kwa nini. Alitutazama viatu, akaendelea kusuka.

Kadi ya Bi Kwanini mwenyewe ni viatu vya kahawia vya kufunga kamba. Siku moja mzee wake, yaani mumewe, kwa mapenzi tu, alimnunulia viatu vipya vyeusi vyenye kisigino, na akaja navyo kazini kwa madaha. Fundi Zulia aliitazama miguu ile. Akaitazama kamba. Akaenda getini kumsubiri Bi Kwanini. Bi Kwanini akamfuata, akasimama kando yake, akamwita, akamwambia ndiye mimi. Kijana alimsogezea nafasi kwa adabu na kuendelea kutazama barabara. Walikaa hapo wote wawili, wakimsubiri Bi Kwanini, mpaka mjukuu wake alipopelekewa habari akaja mbio na viatu vya kahawia kwenye mfuko. Bi Kwanini akatoka nje, akavivaa nyuma ya ukuta, akaingia. Fundi Zulia akamshika mkono wa gauni wakaenda kazini. Vile vyeusi alivivaa mara moja nyingine, harusini. Vya kahawia vimebadilishwa soli mara nyingi hivi kwamba fundi viatu anaapa kilichobaki cha asili ni matundu ya kupitishia kamba tu.

Hapa kwetu hakuna jambo linalofanywa bila mazoezi. Kijana akienda kung'olewa jino, tunafanya mazoezi ya jino. Tumefanya mazoezi ya kinyozi, ya kupanda basi, ya kumzika bibi. Kwa hiyo mama wa Fundi Zulia alipouliza lile swali lake mkutanoni, Bi Kwanini alijibu bila kupepesa kwamba atafanya mazoezi ya kustaafu.

Zoezi la kwanza lilikuwa wazo lake. Angebaki nyumbani siku moja, na kadi yake ingeondolewa mapema ikatiwa koponi ili kila kitu kiwe wazi. Fundi Zulia alifika, akaona nafasi tupu kwenye kamba, akaenda moja kwa moja kwenye kopo. Akaitoa kadi, akaining'iniza mahali pake. Akachukua kiti cha Bi Kwanini, akakiweka dirishani kama afanyavyo kila asubuhi, kisha akasimama mlangoni. Alisimama hapo mpaka mama yake alipokuja kumchukua. Hakusuka, hakula, hakuketi. Mama yake alimfunga sweta vifungo vyote, hata kile cha shingoni, akamwongoza getini.

Zoezi la pili lilikuwa kadi ibaki, yeye tu asiwepo. Katikati ya asubuhi tukasikia kitu kimeanguka stooni. Kumbe Bi Kwanini hakuweza kukaa nyumbani. Alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni, amejibanza nyuma ya pazia la stoo, pazia fupi ambalo, kwa taarifa yenu, ni mojawapo ya yale aliyokata mwenyewe ile wiki ya kwanza. Viatu vya kahawia vilikuwa vimechomoza chini yake, vyote viwili, wazi kama tangazo. Fundi Zulia akaenda, akafungua pazia, akamshika mkono wa gauni, akamketisha dirishani, akaanza kusuka. Chumba kizima tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama wa kijana, aliyekuwa amekaa siku hiyo kuangalia, hakucheka. Alimwendea Bi Kwanini akamwambia taratibu, "Dada yangu, mwanangu hana shida. Wewe ndiye hujajua kuondoka." Bi Kwanini alilia mbele ya watu wote, na sisi tuliokuwa tukicheka tukatafuta pa kuweka macho.

Kesho yake alikuja na swali. Fundi viatu anakuja Alhamisi, anaondoka, haonekani siku nyingine zote. Kwa nini Fundi Zulia hamsubiri mlangoni? Kwa sababu ni mgeni, tukasema. Mgeni anaondoka ili arudi. Ndipo tukaanza zoezi la tatu, la Bi Kwanini kuwa mgeni, na sijawahi kuona mgeni mbaya kama yule. Tulimwambia aingie kwa geti kubwa, akaingia kwa jikoni kwa mazoea. Tulimketisha upande wa wageni, akainuka kunoa mkasi. Tulimwambia mgeni hanoi mkasi, akauliza kwa nini. Na kila nilipoishusha kadi yake kwenye kamba ya chini, Fundi Zulia aliipandisha juu. Niliishusha, akaipandisha. Tulifanya hivyo siku tatu mimi na yeye, bila ugomvi, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Nikakata tamaa. Nilimwambia mkuu wa kituo kwamba labda tumwombe mama huyu asistaafu, na sikuwa natania.

Yanayofuata Bi Kwanini hajaambiwa. Anayajua sasa hivi, akisoma karatasi hii pamoja nanyi, na namuomba asiinuke.

Jumatatu ya wiki hii alikuwa kwa daktari wa macho, mzee wake akiwa amemshika mkono asitoroke, na daktari akamwambia abaki nyumbani mpaka Ijumaa. Hatukugusa kadi. Fundi Zulia alifika, akasimama mbele ya kamba muda mrefu. Kisha akaitoa kadi ya viatu vya kahawia. Akalichukua kopo la maziwa, akaitia ndani, akafunga kifuniko kwa kiganja kama afanyavyo siku zote. Nilifikiri kazi ya miaka yote hiyo imekwisha mbele ya macho yangu, na kwamba kesho ule mlango wa nyumbani kwao utafungwa, na safari hii hakuna wa kwenda kuchana vitambaa nje yake.

Aliketi mezani akavuta kadi mpya na penseli. Akachora viatu vya kahawia, kwa utulivu, na soli nene ya juzi ambayo kadi ya zamani haikuwa nayo. Alipomaliza aliinuka mwenyewe, akakitafuta kibanio cha kijani, akaibana kadi kwenye kamba ya chini. Akakibeba kiti cha Bi Kwanini kutoka dirishani, akakiweka upande wa wageni, kati ya kiti cha fundi viatu na cha muuza nyama. Akakisogeza kidogo kushoto. Kisha akakaa akasuka mpaka saa ya kwenda nyumbani, na Jumanne akaja akasuka, na Jumatano, ambayo ni leo ninapoandika, yupo hapa nyuma ya ukuta wangu, namsikia akichana kitambaa. Dirishani pamebaki patupu. Chumba kile sasa kiko chini ya uangalizi wangu, lakini sijathubutu kuketi pale.

Mama yake alipokuja Jumatatu jioni nilimwonyesha kadi. Aliiangalia, akaweka kikapu chake chini, akaniambia, "Kumbe alikuwa anapanga. Sisi ndio tulikuwa na haraka." Kisha akasogea karibu zaidi na kunyoosha kidole, maana aliona kabla yangu. Kadi ile iko kwenye kamba ya wageni, chini, kwenye kibanio cha Alhamisi. Lakini ncha za viatu hazitazami mlango kama za wageni wengine. Zinatazama ndani.

Bi Kwanini, kwa niaba ya walimu, wapishi, mlinzi, wazazi, majirani, na vijana wote uliowahi kuzungusha nao vifuniko, asante. Ulitukuta tukiwatazama watoto hawa kwa kutafuta kosa, ukatufundisha kuwatazama kwa kutaka kujua. Kapumzike. Lala mpaka jua likuamshe, vaa vile viatu vyeusi uende navyo popote utakapo, mchoshe mzee wako kwa maswali kwa kuwa sisi tumepata nafuu, na afya ikushike mkono miaka mingi. Ndugu mliohudhuria, tafadhali msipige makofi. Inueni mikono juu na mtikise vidole, kama alivyotufundisha.

Na najua unachotaka kuuliza. Kwa nini zinatazama ndani? Mimi sijui, na hakuna mwingine anayejua. Njoo Alhamisi, kwa geti kubwa, na viatu vya kahawia, umuulize mwenyewe.